Klachi Ikipasuka, Vipande Vinaelekea Wapi?

SWALI: Nina Toyota Chaser ya 1JZ-GTE, gia za mkono. Fundi ameikereza flaiwili ya kiwandani na kuitoboa matundu ili iwe nyepesi, kisha akanifungia presha pleti ngumu. Je, naweza kuondokea mizunguko 5,000 ya injini kwa dakika kwenye mbio za mita 402?
*Msomaji, Nyakato*

JIBU: Usiondokee hata 3,000. Hiyo flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini linalobeba klachi, ishushwe.

Flaiwili za kiwandani kwenye magari mengi ni chuma cha kusubu. Chuma hicho ukikikandamiza kinavumilia sana, ukikivuta hakina ubavu. Na flaiwili inapozunguka inavutwa: kila sehemu ya ukingo inataka kuchomoka, na mvuto huo unakua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kutoka 6,000 hadi 8,000 mizunguko imeongezeka kwa theluthi tu, lakini mvuto umepanda kwa asilimia 78. Kila tundu alilotoboa fundi ni mahali mvuto unapojikusanya, na ndipo ufa unapoanzia.

Joto linamalizia kazi. Gari la kilo 1,400 likifika kilomita 60 kwa saa huku klachi bado inateleza, klachi imemeza karibu kilojuli 195. Kama joto hilo lingesambaa sawasawa kwenye flaiwili ya kilo 8, lingeipandisha nyuzi 50 na kidogo. Halisambai. Linabaki kwanza kwenye uso unaosuguana na pleti (sahani ya klachi ambayo presha pleti inaibana kwenye flaiwili), uso unatanuka wakati nyuma bado kuna baridi, na baada ya miondoko kadhaa unaona madoa ya bluu na nyufa nyembamba kama unywele. Usizitafute kwa macho tu. Safisha uso, paka ile dawa nyekundu ya kupimia nyufa, subiri ipenye, ifute, kisha pulizia unga mweupe. Penye ufa mstari mwekundu utajichora wenyewe. Ukiuona, flaiwili hiyo ni chuma chakavu. Usimpelekee mkerezaji aulainishe.

Sasa vipande. Vinaruka nje moja kwa moja, kwenye usawa wa duara la flaiwili, na kwenye Chaser duara hilo liko karibu kabisa na miguu ya dereva na abiria. Belihauzi ya aluminiamu, yaani ganda linalofunika klachi, haivizuii. Njiani vinakata paipu za breki na za mafuta, kwa hiyo unaweza kuwa na moto na huna breki kwa wakati mmoja. Ndiyo maana NHRA, chama cha mbio hizi Marekani, kinadai ngao ya chuma kuzunguka klachi kwa gari linalomaliza mita 402 kwa sekunde 11.49 au pungufu, pamoja na flaiwili na klachi zenye alama ya SFI 1.1, kiwango cha usalama cha vifaa vya mbio. Kwa maoni yetu, anayeondokea mizunguko ya juu aifunge hata kama gari lake ni la sekunde 13. Ngao isitobolewe wala kuchomelewa, na bolti zake zote ziwepo.

Wakati wa kufunga: myumbo wa flaiwili usizidi milimita 0.1, wa pleti 0.8, na vichwa vya ribiti za pleti viwe vimezama angalau 0.3 chini ya uso wa bitana (utando wa msuguano). Bolti za presha pleti kwenye Toyota nyingi ni 19 Nm, zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo. Bolti za flaiwili nunua mpya. Sili ya nyuma ya injini ikivuja, ibadilishe kabla hujafunga klachi.

SWALI: Pleti ya Altezza yangu imesambaratika nikiwa *nimekanyaga* klachi, injini iko sailensa (inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta). Fundi anasema pleti ni feki. Kweli?
*Msomaji, Igoma*

JIBU: Huenda, ila kwanza jiulize ulikuwa gia gani. Ukikanyaga klachi, pleti inaachana na injini lakini haiachani na giaboksi. Inazungushwa na matairi. Tuseme uko gia ya tatu yenye uwiano wa 1.5, injini 6,000, ukakosea ukaingiza ya kwanza yenye 3.6. Pleti inaenda 14,400 huku mshale wa dashibodi ukikuonyesha 900. Bitana inang'oka kwenye ribiti na kurushwa nje.

Ukivuka mstari wa mwisho, weka nyutro halafu punguza mwendo kwa breki. Na wale wanaoteremka milima ya Mwanza gia ya kwanza ikiwa ndani na klachi imekanyagwa, eti wanabana mafuta, wanaifanyia pleti jambo hilihili kwa kasi ndogo.

SWALI: Mark II yenye matairi ya mbio inahitaji kitanzi cha propela?
*Msomaji, Kirumba*

JIBU: Ndiyo, ili kuikamata propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma, ikikatika. Tumia chuma bapa cha unene wa milimita 6 na upana wa 50, kizunguke propela yote, kikae ndani ya sentimita 15 kutoka krosi (kiungo cha propela) ya mbele. Ya mbele, kwa sababu krosi hiyo ikikatika propela inachimba lami na inaweza kulinyanyua gari. Kifungwe kwenye chasisi, si kwenye bati la sakafu. Na krosi ikiwa na mlegeo wowote mkononi, badilisha zote mbili.