Je, kila "take" ni "chukua"?

Swali: Natafsiri maandishi ya afya kutoka Kiingereza. Kila nikikuta kitenzi "take" naandika "chukua", na mhariri wangu hukifuta karibu kila mara. Lakini "chukua muda" na "chukua hatua" ameziacha. Anafuata kanuni gani?

Jibu: Mhariri wako ana haki. Kiini cha "chukua" ni kubeba: mbeba mizigo ni mchukuzi, na kazi ya kusafirisha watu na bidhaa ni uchukuzi. Gari huchukua abiria saba, safari huchukua siku tatu, na wanaovumiliana huchukuliana, kila mmoja akibeba udhaifu wa mwenzake.

"Take" ina historia nyingine. Kiingereza kiliipata kwa Waskandinavia, ikakiondoa kitenzi cha kale "niman", ndugu wa "nehmen" ya Kijerumani. Leo mara nyingi haina uzito wake yenyewe, maana huletwa na nomino inayoifuata. Nasi tuna kitenzi cha namna hiyo, ila ni "piga": piga simu, piga magoti, piga mbizi, piga picha. Ukimwambia mtu "chukua picha", atatazama mezani iko wapi aiokote.

Katika kazi yako jambo hili si la urembo wa lugha tu. "Chukua vidonge viwili" ni maneno ya mtoa dawa anapomkabidhi mgonjwa. Anayeyasoma kwenye pakiti hajaambiwa avitie kinywani. Andika "meza vidonge viwili asubuhi na viwili jioni". Dawa ya maji hunywewa, na wengi husema "kunywa dawa" hata kwa vidonge. Sioni kosa hapo. Joto la mwili na shinikizo la damu hupimwa. Damu, kwa upande wake, huchukuliwa kweli, maana mhudumu huondoka nayo kwenda maabara.

Kuwa mwangalifu zaidi na mwelekeo. Mgonjwa anayesema "nichukue hospitali" anaomba afuatwe huko aondolewe. Anayetaka kufikishwa husema "nipeleke hospitali". Kitenzi kimoja cha Kiingereza kinabeba safari zote mbili, chetu hakiwezi, na kosa hili nimeliona katika maandishi yaliyokwisha kuchapwa.

Mengine ni mepesi: basi hupandwa, mtihani hufanywa, na anayekaribishwa kiti huambiwa "keti" au "kaa".

Imebaki "chukua hatua". Nakiri ina harufu ya tafsiri, na kwa miaka mingi nilikuwa naikata. Nimeacha, kwa sababu imejipatia kazi ambayo "piga hatua" haiifanyi. Aliyepiga hatua amesonga mbele, amepata maendeleo. Aliyechukua hatua ametenda jambo kuhusu tatizo lililopo, hata kama halijaisha. Mhariri wako ameiacha kwa haki.