Mgeni aanze na Kleriki, si Sosera

Swali la wiki: "Mchezaji mgeni wa Dungeons & Dragons anayetaka mhusika mwenye uchawi aanze na nani?"

Katika mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, wengi humpa mgeni Sosera, mchawi mwenye nguvu za asili, kwa hoja kwamba speli zake (uchawi anaourusha) ni chache na hana mengi ya kukariri. Napinga ushauri huo kabisa. Sosera wa ngazi ya 1 (ngazi ni ya mhusika, daraja ni la speli) anajua speli mbili tu za daraja la kwanza. Akichagua vibaya, hana ruhusa ya kubadili mpaka apande ngazi, na hapo pia anabadili moja tu. Aliyechukua speli za moto kisha akakutana na viumbe wasioungua atabaki nazo vikao kadhaa, anatazama wenzake wakicheza. Uchache huo unamfaa anayejua tayari ipi ina kazi na ipi ni pambo.

Mgeni apewe Kleriki, kuhani anayepata nguvu kwa mungu wake, na achague nyanja ya Life, yaani tawi la uponyaji. Nafuata kanuni za toleo la tano la 2014. Hati ya msingi wake, SRD 5.1, iliwekwa na wachapishaji wa mchezo, Wizards of the Coast, chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023, kwa hiyo inapakuliwa bure na nyanja hiyo imo.

Sababu kubwa ni hii: Kleriki hafungwi na chaguo lake. Orodha yote ya speli za kuhani ni yake, na kila baada ya mapumziko marefu anaandaa upya atakazo. Idadi ni nyongeza itokanayo na alama yake ya Wisdom (busara) ujumlishe ngazi. Mwenye Wisdom 16 ana nyongeza ya 3, basi ngazi ya 1 anaandaa nne, na juu yake nyanja ya Life inampa Bless (baraka kwa wenzake) na Cure Wounds (tiba ya majeraha) bila kuzihesabu. Alichokosea leo anakirekebisha akiamka. Wizadi, mchawi msomi, naye hubadilisha, ila ndani ya kitabu chake tu: anaanza na speli sita, anaongeza mbili kila ngazi, na nyingine yoyote aliyoiokota ananakili kwa saa 2 na vipande 50 vya dhahabu kwa kila daraja la speli. Ni mhusika mzuri mno kwa mtu aliyekwisha kuisoma orodha. Waroki, mchawi aliyekopa nguvu kwa mapatano, ana nafasi moja ya kurusha speli ngazi ya 1, mbili kuanzia ya 2, na zinarudi kwa mapumziko mafupi ya saa moja. Kundi lisilopenda kupumzika humwacha na Eldritch Blast peke yake, kantripu yake ya kushambulia (kantripu ni speli ndogo isiyotumia nafasi).

Sasa namna ya kumjenga. Chukua binadamu wa kawaida na zile namba sita za kitabuni: 15 iende Wisdom, 14 Constitution (ustahimilivu), 13 Strength (nguvu za mwili), na 12, 10, 8 popote. Binadamu huongeza 1 kila mahali, kwa hiyo unapata Wisdom 16, Constitution 15, Strength 14. Strength isishuke chini ya 13, maana deraya ya minyororo inadai hiyo. Ukipungukiwa, mwendo wako unapungua futi 10. Deraya hiyo inatoa kinga 16 (namba ambayo shambulio la adui lazima liifikie), ngao inaongeza 2, jumla 18. Sosera na Wizadi hawafiki hapo kirahisi, na mgeni anayesimama pasipofaa ataishi kurekebisha kosa lake.

Kwa zile speli nne, ningeandaa Healing Word ya kuponya, Guiding Bolt ya kushambulia, Detect Magic ya kutambua uchawi na Sanctuary ya kukinga. Mgeni huvutwa na Shield of Faith (ya kuongeza kinga) na Bane (ya kudhoofisha maadui) juu ya Bless aliyo nayo, na hapa ndipo wengi hupotelea. Zote tatu zinadai umakini, na umakini unashika speli moja tu kwa wakati. Ukirusha ya pili, ya kwanza imekufa papo hapo na nafasi uliyotumia hairudi. Hata Guidance, ambayo ni kantripu ya bure, inavunja Bless. Ukipigwa, ili umakini usivunjike rusha dadu ya pande 20, ongeza nyongeza ya Constitution, ufikishe 10 au nusu ya madhara, ipi iliyo kubwa. Kwa Constitution 15, yenye nyongeza ya 2, unahitaji 8 kwenye dadu kwa pigo la kawaida, yaani asilimia 65.

Mikono nayo inasahaulika. Chora alama takatifu juu ya ngao. Bless ina malighafi ndani yake, na alama hiyo inashika nafasi ya malighafi, kwa hiyo mkono wenye ngao unatosha kuirusha huku rungu liko mkono wa pili. Cure Wounds haina malighafi lakini inadai ishara ya mkono, hivyo lazima mkono mmoja uwe mtupu. Healing Word ni sauti tu; unaitamka umeshika chochote, hata mwenzako akiwa futi 60 mbali, na inatumia kitendo cha ziada. Lakini zamu hiyo kitendo chako kikuu hakiruhusiwi speli nyingine isipokuwa kantripu. Guiding Bolt isubiri.

Tena usiponye mapema. Healing Word ya mwenye Life hurudisha wastani wa alama 8.5 za uhai, ilhali pigo moja la jitu liitwalo ogre huondoa wastani wa 13. Ukimtibu aliyejeruhiwa kidogo, pigo linalofuata linafuta kazi yako yote na zaidi. Mngoje aanguke kwenye sifuri, kisha mwinue kabla ya zamu yake kufika.

Ngazi ya 5, Wizadi wa kundi anapojivunia Fireball (mpira wa moto), Kleriki anapokea Spirit Guardians, roho zinazodhuru maadui: futi 15 kumzunguka, madhara ya dadu tatu za pande 8, mpaka dakika 10. Nayo inashika umakini, basi Bless iachiwe.