Matone siku 4, sikio bado linawasha

Dada, unauliza kwa nini sikio lenye maambukizi ya tundu la nje bado linawasha na limeziba baada ya siku 4 za matone. Kama maumivu yamepungua, huko kuwasha na kuziba kusikutishe: ngozi ya ndani ya sikio bado imevimba. Maliza dozi uliyoandikiwa, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Shika chupa mkononi ipate joto kwanza. Kwa baridi ya Nairobi ya Julai, matone baridi huleta kizunguzungu. Lalia ubavu, tia, tulia dakika 3 hadi 5. Unapooga, ziba sikio kwa pamba iliyopakwa Vaseline. Bwawa la kuogelea lisubiri. Vijiti vya pamba tupa kabisa, ndivyo hukwaruza ngozi na kurudisha ugonjwa. Ukipata homa au uvimbe nyuma ya sikio, au kama una kisukari, muone daktari leo.