Jibu: Dai la kuongeza mke na mtoto limekaa miezi 8

Pole sana dada. Mumeo aliomba VA, idara ya Marekani inayohudumia wanajeshi wa zamani, iwaongeze wewe na mtoto kwenye malipo yake ya ulemavu, na unauliza kama fedha za miezi hii 8 zimepotea, kwa kuwa kila mkipiga simu mnaambiwa tu "linashughulikiwa". Hazijapotea. Kama VA imempa shemeji kiwango cha ulemavu cha asilimia 30 au zaidi, na alituma fomu 21-686c (ya kuongeza wategemezi) ndani ya mwaka 1 tangu mfunge ndoa, malipo kwa ajili yako huhesabiwa kurudi nyuma hadi tarehe ya ndoa, si siku watakayoamua.

Sisi tulikaa miezi 11. Mume wangu aliyelitumikia jeshi la Marekani bila kuuliza lini atalipwa alikuwa anashinda mezani na simu kwenye spika, muziki ule ule, mtoto amelala mapajani. Iliniuma, na bado inaniuma. Kumbe barua ya kuuliza tarehe ya talaka yangu ya kwanza ilitumwa kwenye anwani yetu ya zamani! Hakuna aliyetuambia.

Kwa hiyo hakikisheni anwani kwanza. Ndoa za awali za wote wawili zijazwe, na cheti cha ndoa cha Kiswahili kiende pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Msitume dai jipya juu ya lile la zamani, mtazidisha mkanganyiko.

Kama kodi ya nyumba imewashinda, jazeni fomu 20-10207 ya kuomba mpewe kipaumbele, mkiambatisha notisi ya mwenye nyumba. Halafu mwandikieni mbunge wenu wa Congress. Ofisi yake ina watu wa kufuatilia madai kama haya, ila shemeji lazima asaini ridhaa. Letu lilisogea baada ya hapo.

Barua ya mwisho mliyopokea inasemaje?