Fundi Mitambo Anajibu: Sinema na Taarabu Uwanjani

Assalamu alaykum, fundi. Sisi ni vijana wa shehia moja hapa Wete. Mwisho wa Agosti tunataka kufanya wikiendi ya burudani kwenye kiwanja cha skuli, Ijumaa mpaka Jumapili, na kila usiku kuwe na filamu kisha kikundi cha taarabu. Fikra tumeipata kwa kaka yangu anayeishi Chicago. Anasema kwao kiangazi kikielekea ukingoni, bustani zinajaa muziki na sinema za nje, tena bure. Tumeazima projekta ya lumeni 3,000 na tunataka kushona kitambaa cheupe cha upana wa mita sita. Tuanze saa ngapi, na tujipange vipi? — Msomaji, Wete

Waalaykum salaam, mwanangu. Jambo mlilokusudia ni zuri na nataka lifanikiwe, kwa hiyo nakuomba mapema: kitambaa hicho msikishone.

Projekta ina mwanga wake, unaopimwa kwa lumeni, hauongezeki. Picha ya upana wa mita tatu ina eneo la kama mita tano za mraba. Ukiitanua ifike mita sita, eneo linakuwa mara nne, na kila sehemu ya picha inabaki na robo ya mwanga uliokuwepo. Lumeni 3,000 kwenye mita tatu zinatoa picha iliyokolea, nyuso zinaonekana mpaka machozi. Kwenye mita sita picha itafifia, na watu wa nyuma wataanza kuzungumza mambo yao. Chukueni mita tatu, tatu na nusu msizidishe, na watu wakae karibu.

La pili ni upepo. Mwisho wa Agosti kusi bado inavuma, na kitambaa kilichotundikwa kwenye nguzo mbili ni tanga. Kasi ya upepo ikiwa maradufu, nguvu inayokisukuma inakuwa mara nne, na hapo kamba inakatika au nguzo inalala juu ya watoto. Nyinyi mna skuli, na skuli ina kuta. Tafuteni ukuta unaotazama kaskazini, usiokuwa na madirisha pale katikati, muupake chokaa nyeupe mikono miwili. Jengo lenyewe litakukingeni na upepo na picha haitatikisika. Ukingo wa chini wa picha uwe juu ya kichwa cha mtu aliyekaa kwenye kiti, la sivyo maandishi ya tafsiri yatasomwa na walio mbele tu.

Ukishapanga hivyo, mengine yanajipanga. Watu wanakaa wakiuelekea ukuta, upepo unatoka nyuma ya jengo kuja kwao, na sauti ya spika inafuata njia hiyo hiyo. Jenereta iwekeni upande wa kaskazini, mbali, nyuma ya watu wote, ili kelele na moshi vichukuliwe na upepo viende zao. Najua Pemba ina umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, lakini usiku wa watu mia mbili uwanjani usiutegemee umeme peke yake. Jenereta ijaribiwe mchana, ikiwa imebebeshwa mzigo wote: projekta, mashine ya sauti na taa. Ikiwaka bila mzigo haijakuthibitishia kitu.

Kuhusu saa, msifuate za kaka yako. Chicago mwisho wa Agosti jua linazama karibu na saa moja na nusu usiku, na giza lao linakuja polepole. Hapa kwetu jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, na giza linaingia kwa haraka. Sali magharibi, watu wale, waje, isha isaliwe, kisha filamu ianze. Wakati huo mbingu imeshakuwa nyeusi na hakuna adhana itakayokatiza hadithi katikati. Tazameni na mwezi wa Kiislamu: tarehe 14 na 15 mbalamwezi inaipausha picha, basi usiku huo muwape wapiga muziki.

Sasa nifike kwenye linalonishughulisha zaidi, nalo ni filamu na taarabu usiku mmoja. Nakuombeni msifanye. Utaniambia Ngome Kongwe kule Unguja wanafanya, na Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi lina filamu na muziki tangu 1998. Kweli. Lakini pale kuna kuta nene za Waarabu wa Oman zinazokinga upepo, na mafundi wa kutosha, wengine wa picha na wengine wa jukwaa. Nyinyi mtakuwa na fundi mmoja na seti moja ya spika.

Fikiria mpiga kanuni. Ala yake ina nyuzi zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu, na kila tatu lazima zilie sauti moja. Ikitolewa ndani ya gari na kuletwa kwenye umande wa usiku, nyuzi zinahama. Anahitaji kukaa na ala yake hapo hapo itakapopigwa, asikilize, akaze, alegeze, arudie. Filamu ikiwa inaendelea hawezi kusikia hata uzi mmoja. Basi mnamaliza filamu, mnampa dakika kumi, watoto wamelala mapajani, mama zao wanasimama waondoke, na yeye bado anakaza. Fidla na udi nazo zinamsubiri. Kikundi kinaanza kupiga mbele ya mikeka mitupu. Mimi nimesimama nyuma ya mitambo usiku wa namna hiyo, na uso wa mwimbaji pale ni kitu ambacho sitaki vijana wa Wete wakione.

Ijumaa iwe ya filamu, watoto waje wote. Jumamosi iwe ya taarabu peke yake: wapigaji wafike baada ya alasiri, wajaribu sauti kukiwa na mwanga, wapumzike. Jumapili pumzikeni, Jumatatu watu wana kazi na watoto wana skuli.

Usiku wa taarabu wacheni njia pana katikati ya mikeka mpaka jukwaani, kwa akina mama watakaopanda kutunza. Hapo ndipo ajali hutokea. Mama amevaa buibui refu, noti mkononi, anacheza huku anamtazama mwimbaji, hatazami chini, na waya wa maikrofoni umelala njiani. Nyaya zote zipite pembeni ya jukwaa au nyuma, na panapolazimika kuvuka njia mzifunike kwa zulia lililobandikwa pande zote mbili.

Karatasi zianze mapema. Sheha wenu ajue kwanza, kisha mwalimu mkuu, polisi, na BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, kwa kibali cha onesho. Filamu nayo ina mwenyewe: kuwa nayo kwenye simu au flashi hakukupi ruhusa ya kuionesha hadharani. Waulizeni COSOZA, watu wa hakimiliki Zanzibar, njia ya kufuata, na mwandikieni mtengenezaji mwenyewe. Watengeneza filamu wetu wa Kiswahili wengi wanafurahi kuulizwa, na wengine wanakuja kuitazama pamoja na watu.

* * *

Fundi, tunaonesha filamu barazani kwa projekta ndogo na spika ya blutuu. Midomo inasema kwanza, sauti inafuata. Ubovu uko wapi? — Msomaji, Jang'ombe

Hakuna kibovu. Blutuu inachukua sehemu ya sekunde kuifunga sauti na kuifungua upande wa pili, na jicho linaligundua hilo mara moja kwenye midomo. Nunua waya wa sauti, uchomeke kutoka kwenye projekta mpaka kwenye spika, itakwisha. Kwa muziki mtupu blutuu haina neno.

* * *

Bibi yangu anapenda taarabu ya zamani na kila onesho anataka akae mbele kabisa. Nyumbani analalamika masikio yanamvuma. Nimzuie? — Msomaji, Mkoani

Usimzuie, msogeze. Mbele si tatizo, tatizo ni kukaa usoni mwa spika, na spika huwa pembeni mwa jukwaa. Mtafutie kiti katikati, baina ya spika mbili, safu ya tatu au ya nne. Pale atamwona mwimbaji vizuri na fidla ataisikia yenyewe. Mchukulie na shali, kusi ya usiku ina baridi kwa mzee. Masikio yakiendelea kuvuma mpaka siku ya pili yake, mpeleke hospitali yakaangaliwe, na mwambie mratibu wa onesho kwamba sauti ilizidi. Fundi mzuri ataipunguza ukimwambia.