Je, dawa ya presha inaweza kupandisha kalsiamu kwenye damu?

SWALI: Natumia haidroklorothiazaidi kwa ajili ya shinikizo la damu, na kila siku humeza vidonge vya kalsiamu vyenye vitamini D nilivyojinunulia ili kuimarisha mifupa. Kipimo cha karibuni kimeonyesha kalsiamu ya milimoli 2.72 kwa lita. Je, dawa ndizo chanzo, na niache ipi?
Msomaji wa kike, miaka 61

JIBU: Inawezekana kabisa, mama. Katika maabara nyingi kiwango cha kawaida ni kati ya 2.1 na 2.6 hivi, kwa hiyo chako kimepanda kidogo. Dawa yako ni ya kundi la thiazaidi, ambalo huongeza mkojo lakini huzifanya figo zirudishe kalsiamu kwenye damu badala ya kuiacha itoke, ilhali furosemaidi, ambayo nayo ni dawa ya kuongeza mkojo, huitoa kwa wingi. Vitamini D, kwa upande wake, huongeza kalsiamu inayofyonzwa utumboni. Kwako basi inaingia nyingi huku mlango wa kutokea umebanwa.

Dawa ya presha usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Vile vidonge vya kalsiamu, kwa kuwa hukuandikiwa, ni busara kuviweka kando hadi uonane na daktari, nawe umwonyeshe pakiti zake pamoja na za dawa yoyote ya kiungulia, maana baadhi ya hizo ni kalsiamu tupu na wagonjwa wengi husahau kuzitaja.

Mwombe pia kipimo kirudiwe pamoja na albumini, protini inayobeba karibu nusu ya kalsiamu ya damu, na homoni ya parathiroidi, inayotolewa na tezi ndogo za shingoni zinazodhibiti kalsiamu, kwani wakati mwingine thiazaidi hudhihirisha tu ugonjwa wa tezi hizo uliokuwa umejificha. Lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili, nayo hupandisha kalsiamu. Fenitoini, dawa ya kifafa, huweza kuishusha kwa kuharakisha kuvunjwa kwa vitamini D. Na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, ikitumiwa muda mrefu huweza kupunguza magnesiamu, kisha kalsiamu ikafuata, mgonjwa akahisi ganzi midomoni na vidoleni.

Ukipata kiu isiyokatika, mkojo mwingi, kufunga choo, kutapika au kuchanganyikiwa, nenda hospitalini siku hiyohiyo.