Acha hilo godoro hapo hapo, hao si kunguni

Mkuu, usitupe kitu! Umesema umeona vidudu vya kahawia vyenye manyoya chini ya kitanda, mtoto ana vipele, na kesho unamwita mtu wa kupuliza dawa ya kunguni. Mpigie umwambie asije.

Kunguni hana manyoya. Ni bapa, na hata mtoto wake anafanana na mkubwa. Hicho chako, kama punje ya mchele iliyoota nywele, ni buu wa mbawakawa wa zulia. Haumi wala hanyonyi damu. Ni vile vinywele vyake vinavyowasha ngozi za baadhi ya watu.

Mimi hapa Leicester, Uingereza, nilitupa kitanda kizima cha mbao, na deni lake bado nalilipa. Aliyeniponza ni mpuliza dawa. Alitazama picha kwenye simu, hata kuinama hakuinama, akatangaza: "Kunguni hao, tena wamekomaa." Akapuliza, akabeba pauni zangu. Mabuu waliporudi naye akarudi, bei ileile, bila hata aibu ya kunipunguzia! Na mimi kwa akili zangu zote, kitanda kimeenda jalalani, nikawa nalala juu ya zulia la sufu. Yaani nilihamia mezani kwao. Chekeni tu, nimeshazoea.

Walikuwa wanatoka wapi? Kwenye dohani ya zamani iliyozibwa, ndani yake kiota kikavu cha njiwa. Hawa wanakula manyoya, sufu, hariri, ngozi, hata nzi waliokufa dirishani. Dawa ya kitandani ingewafikiaje huko?

Kwa hiyo: TAFUTA WANAKULA NINI KABLA HUJALIPA MTU. Fuata magamba wanayoyavua. Yakirundikana, chakula kiko karibu. Vuta kabati, kunjua zulia kingoni, angalia koti la sufu ulilolisahau, chungulia darini kama kuna viota. Ukikipata, kiondoe, fyonza vumbi mpaka kwenye nyufa za sakafu, na mfuko wa mashine umwage nje ya nyumba. Nguo za sufu zifunge kwenye plastiki, friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Na usishangilie mapema, buu anaweza kuishi mwaka na zaidi kabla hajawa mbawakawa.

Uliuliza pia kuhusu mwenye nyumba wako? Hilo sijui, wengine watakujibu. Wewe leo vuta kabati, upige picha za magamba uziweke hapa.